Niliyojifunza kwa Komba wa Pugu

Nafundisha biolojia katika sekondari moja wilayani Kisarawe, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiingia usiku katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi pamoja na walinzi wa msitu na watafiti wanaowasikiliza komba. Karibu kila mtu wa pwani amewahi kumsikia komba akilia gizani. Waliomwona vizuri ni wachache, na wanaojua kwamba ni ndugu wa lemuri wa Madagaska na lorisi wa Asia ni wachache zaidi. Haya ndiyo niliyoyapata kwake. Nimeyapa namba kwa ajili ya msomaji. Msituni yalinijia yakiwa yamechanganyika.

1. Anza na vidole, kisha pua

Mwanafunzi akimwona komba kwa karibu kwa mara ya kwanza, swali huwa lile lile: "Mwalimu, huyu ni paka au kindi?" Mkia mrefu wa manyoya unampeleka kwa kindi, macho makubwa yanampeleka kwa paka, na masikio yale mapana yasiyo na manyoya hayampeleki popote. Huwa nawaambia wautazame mkono. Kidole gumba kimejitenga na vingine na kinashika tawi. Ncha za vidole zina kucha bapa. Macho yote mawili yanatazama mbele. Mnyama mwenye mambo hayo kwa pamoja ni wa oda ya primati, oda tuliyomo sisi watu, sokwe, nyani, mbega, kima na tumbili.

Hata wataalamu wakubwa wamewahi kubabaishwa na mambo ya nje. Lemuri wa Madagaska aitwaye ayeaye alielezwa na Mfaransa Pierre Sonnerat mwaka 1782. Kwa kuwa meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kama ya panya, kwa miongo mingi aliwekwa kwenye kundi la wanyama wagugunaji, mara nyingine pamoja na kindi. Uchunguzi wa mwili wake uliofanywa na Richard Owen wa Uingereza katika miaka ya 1860 ndio uliomrudisha kwa jamaa zake. Meno yale ni ya kutobolea mti, na kidole chake cha kati, chembamba mno, ni cha kugongea gome na kuchokolea funza walioko ndani. Kazi ilikuwa imemfananisha na watu wasio wake.

Baada ya vidole ndipo inafuata pua. Primati wote, ambao leo wanapita spishi 500, wamegawanyika katika matawi makubwa mawili. Tawi la kwanza ni la strepsirini, wenye pua yenye ngozi tupu na unyevunyevu: lemuri, lorisi, poto na komba. Jina hilo lilitolewa na Étienne Geoffroy Saint-Hilaire mwaka 1812. Tawi la pili ni la haplorini, wenye pua kavu, na humo ndimo tulimo sisi na jamii zote za kima na sokwe.

Anayenivutia zaidi kati ya wote ni tasia, mnyama mdogo wa visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Ni wa usiku, ana miguu mirefu ya kurukia, na umbo lake kwa mbali ni la komba kabisa. Kwa hiyo vitabu vilimweka pamoja na komba. Mwaka 1918 Reginald Pocock alitoa hoja kwamba pua ya tasia ni kavu na mahali pake ni upande wa kima. Vinasaba vilipokuja kuchunguzwa miaka mingi baadaye, vilimpa haki. Jicho la tasia linasema vivyo hivyo. Nyuma ya jicho la komba kuna tabaka linalorudisha mwanga, na ndiyo maana ukimmulika macho hung'aa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Tasia hana tabaka hilo. Ili aone usiku imembidi awe na macho makubwa ajabu, kila moja likikaribia ukubwa wa ubongo wake.

2. Mdomoni mna chanuo

Meno ya chini ya mbele ya komba hayasimami. Yamelala kuelekea mbele, membamba, yakiwa yamebanana, na kwa pamoja yanafanya chanuo. Komba hulitumia kuchana manyoya yake na ya wenzake. Chini ya ulimi ana kijilimi cha pili chenye ncha ngumu ambacho kazi yake ni kusafisha chanuo hilo. Na kwenye mguu, kidole cha pili peke yake kina ukucha mrefu uliochongoka, wa kujikunia na kujisafishia. Chanuo hili utalikuta kwa lemuri na utalikuta kwa lorisi. Ni alama ya ukoo.

Huko bara kwenye migunga, komba wadogo wa nyika hulitumia pia kukwangua utomvu kwenye magome. Wakati wa kiangazi, wadudu wanapoadimika, utomvu huo ndio unaowavusha.

3. Sauti ndiyo inayowatenganisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo lililobadilisha namna ninavyofundisha.

Katika misitu hii yetu wamo komba wa aina tatu. Yupo komba mkubwa, ambaye wataalamu humwita komba wa Garnett, mwenye uzito wa karibu robo tatu ya kilo au zaidi. Yupo komba wa Zanzibar, ambaye licha ya jina lake anaishi pia kwenye misitu ya bara, na uzito wake ni gramu mia moja na kitu. Na yupo komba wa Rondo, mwenye gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote duniani. Huyo mkubwa hana shida. Hao wawili wadogo, wakiwa kwenye majani usiku, unachokiona ni macho mawili na kivuli kinachoruka. Ukibahatika utauona mkia wa huyu wa Rondo, uliotawanyika manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Usipobahatika, jicho halitakusaidia.

Sikio litakusaidia. Mwito wa komba wa Zanzibar ni sauti moja moja zinazofuatana kwa mfululizo. Wa komba wa Rondo huja mbilimbili. Ukishausikia vizuri na mtu anayeujua akakuthibitishia, huwachanganyi tena. Komba wa pwani ya Kenya, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa ni yule yule wa Zanzibar, ana mwito wa namna nyingine kabisa, unaoanza kwa sauti chache na kuziongeza kadiri anavyoendelea.

Kwa nini sauti iwe na uzito kuliko sura? Kwa sababu wenyewe ndivyo wanavyotambuana. Mnyama wa usiku hana faida kubwa na manyoya ya rangi za kuvutia. Mbega anaweza kujitangaza kwa mabega meupe mchana kweupe. Komba hujitangaza kwa mwito na kwa harufu, na hata mkojo wake huupaka viganjani na kwenye nyayo kisha akaueneza kila anapokanyaga. Mwanasayansi Hugh Paterson alitoa hoja kwamba spishi ni wale wanaotambuana kama wenza. Simon Bearder na wenzake wa Oxford waliichukua hoja hiyo wakaipeleka msituni na vinasa sauti, nchi baada ya nchi barani Afrika. Kufikia miaka ya 1970, orodha za kawaida zilikuwa na spishi sita tu za komba. Leo zinakaribia 20. Waliokuwa hawaonekani walikuwepo siku zote, wakilia kila usiku, ila makumbusho yalikuwa yamehifadhi ngozi zao bila miito yao. Komba wa Rondo mwenyewe aliingia rasmi katika sayansi mwaka 1996, katika maelezo yaliyoandikwa na Paul Honess pamoja na Bearder kuhusu komba wadogo wa Tanzania.

Vinasaba navyo vimeongeza jambo. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na Judith Masters lilionyesha kwamba hawa komba wadogo wa mashariki mwa Afrika hawako karibu kiukoo na komba wadogo wa misitu ya Kongo, ingawa walikuwa wamewekwa jenasi moja. Wa kwetu wakapewa jenasi yao, Paragalago.

Namna ya kusikiliza ni rahisi kueleza na inataka subira. Fika kabla ya magharibi, kwa sababu wanapotoka kwenye mapango ya miti ndipo wanapoita sana, na tena karibu na alfajiri. Zima taa. Ukihitaji mwanga, funika tochi ya kichwani kwa karatasi nyekundu ya plastiki, kwani mwanga mweupe huwaumiza macho na kuwanyamazisha. Nasa sauti, andika saa na mahali, kisha baadaye uitazame sauti hiyo kwenye kompyuta ikiwa mchoro. Mbilimbili za Rondo utaziona kwa macho. Nimegundua kwamba wanafunzi wanaotoka vijiji vinavyopakana na msitu huzitenganisha sauti hizi haraka kuliko wa mjini, na nimeacha kushangaa. Mgema mmoja mzee, nilipomwamkia na kumweleza tunachotafuta, alicheka akaniambia, "Marahaba, mwalimu. Anayeninywea tembo ni yule mkubwa. Hao wadogo mimi huwasikia tu huko chini vichakani, na hawalii sawasawa." Alikuwa na nusu ya maelezo ya kisayansi mdomoni, bila kusoma popote.

Kule Rungwe ilikuwa vivyo hivyo na kipunji, kima aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla ya mtafiti yeyote kumwona.

4. Komba si rasimu ya mtu

Kuna mchoro ambao bado unapatikana kwenye vitabu vya shule: ngazi yenye lemuri na komba chini, kima katikati, sokwe juu yake, na mtu kileleni. Nimeacha kuutumia na nawaomba walimu wenzangu wauache. Unamfundisha mtoto kwamba komba ni kima aliyeishia njiani.

Matawi mawili ya pua niliyoyataja yalitengana zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Tangu siku hiyo, komba amekuwa na muda sawasawa na sisi wa kubadilika, na amebadilika. Mifupa ya kifundo cha mguu wake imerefuka hadi komba wa nyika, mwenye uzito wa embe dogo, anaweza kuruka wima zaidi ya mita mbili kutoka mahali alipokaa. Masikio yake huyakunja anapopita kwenye miiba, na huyakunjua moja moja kumfuatilia nondo anayepita. Nondo huyo humdaka hewani kwa mkono.

Upo pia uwezo ambao wao wanao nasi tumeupoteza. Mwili wa komba na wa lemuri hujitengenezea vitamini C. Sisi wenye pua kavu, tangu tasia mpaka mtu, hatuwezi. Jeni ya kazi hiyo iliharibika kwa babu yetu wa pamoja, na ndiyo maana mabaharia waliokaa miezi bila matunda walioza fizi. Katika hilo, aliye kwenye ngazi ya chini ya ule mchoro ndiye aliyekamilika.

Na huko Madagaska wamefika mbali zaidi. Lemuri mmoja mdogo mwenye mkia mnene hulala kwenye pango la mti hadi miezi saba ya ukame, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mkiani, huku joto la mwili wake likipanda na kushuka pamoja na la hewa. Kati ya lemuri wa mkia wenye pete, jike ndiye mwenye amri, hata jike mdogo mbele ya dume mzima. Lemuri wa Bi Berthe, aliyeelezwa mwaka 2000, ana gramu 30 tu na ndiye primati mdogo kuliko wote walio hai. Na zamani zisizo mbali, watu walipofika kisiwani, walikuwako lemuri wenye ukubwa wa sokwe mtu na hata wa gorila. Wale wakubwa wote wametoweka.

5. Bahari iliwatenga, mifupa imebaki kwetu

Watu wengi hudhani lemuri waliachwa Madagaska kisiwa kilipomeguka kutoka Afrika. Miaka haikubali. Kisiwa kilianza kujitenga na Afrika miaka milioni 160 hivi iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na primati hata mmoja duniani. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mababu wa lemuri walivuka Mlango wa Msumbiji baadaye sana, wakiwa juu ya miti na mimea iliyong'olewa na mafuriko ikasukumwa baharini. Mnyama mdogo anayeweza kupunguza kasi ya mwili wake na kukaa siku nyingi bila chakula ana nafasi ya kufika hai.

Upande wetu wa maji mifupa ipo. Huko Fayum nchini Misri, mwaka 2003 yalitangazwa mabaki ya jamaa za komba na lorisi wenye umri wa karibu miaka milioni 37. Magharibi mwa Kenya, katika tabaka za kipindi cha Miosini, George Gaylord Simpson alieleza mwaka 1967 jenasi ya komba wa kale na akaipa jina Komba, kama tunavyowaita sisi. Mwaka huo huo alieleza mnyama mwingine kutoka mabaki ya Kenya, Propotto, akidhani ni wa ukoo wa poto. Mtaalamu mwingine akasema meno yale ni ya popo, na kwa nusu karne akabaki popo. Mwaka 2018 watafiti waliyarudia mataya hayo wakaona ni ya jamaa wa ayeaye. Kama wako sahihi, na mimi hoja yao naiona nzito, basi ukoo wa ayeaye uliishi Afrika kwa mamilioni ya miaka, na lemuri huenda walivuka bahari zaidi ya mara moja. Komoro nako wako lemuri, Nzuwani, Mwali na Mayotte, lakini hao walipelekwa na watu kwa vyombo.

6. Ukoo mmoja, mienendo miwili

Lorisi na poto hawaruki kabisa. Poto, anayepatikana Kakamega nchini Kenya, katika misitu ya Uganda, Nyungwe ya Rwanda na Kongo, hutembea juu ya tawi polepole kiasi kwamba jani halitikisiki. Kidole chake cha shahada kimebaki kijinundu, na mkono wake umekuwa koleo linaloweza kushika tawi kwa saa nyingi bila kuchoka. Komba akiona hatari hukimbia, poto huganda. Pierre Charles-Dominique, aliyewachunguza kwa miaka mingi nchini Gabon, alionyesha jinsi wanyama hawa wanavyogawana msitu mmoja: nani anakaa juu, nani chini, nani anakula matunda, nani utomvu, nani wadudu wenye harufu mbaya ambao wengine hawawataki.

7. Asiyetajwa hahesabiwi

Upangaji huu wote una matokeo yanayoonekana. Maadamu komba wote wadogo wa pwani walikuwa jina moja, walikuwa wengi na hawakumhangaisha mtu. Walipotenganishwa ndipo ilipoonekana kwamba komba wa Rondo anaishi katika vipande vichache vya msitu vilivyotengana: uwanda wa Rondo wenyewe na misitu kadhaa ya Lindi na Mtwara, kisha hapa Pugu na Kazimzumbwi, Pande, na Zaraninge kule Saadani. Pande ina kilomita za mraba 12 tu, na jiji la Dar es Salaam limekwisha kuifikia. Komba huyu amewahi kuwekwa kwenye orodha ya primati 25 walio hatarini zaidi duniani. Anaishi mahali ambapo ukipanda daladala asubuhi unafika Kariakoo kabla ya adhuhuri, na wakazi wengi wa jiji hilo hawajawahi kusikia kwamba yupo.

Kinachommaliza ni mkaa, mbao na mashamba yanayoingia mpakani. Anakaa chini, kwenye vichaka na miti michanga. Msitu ukishachujwa miti yake, hata kama kwa mbali bado unaonekana wa kijani, yeye hana pa kuishi. Hatembei kilomita kadhaa za mihogo na nyumba kwenda kutafuta msitu mwingine.

Jamaa zake wa mbali wana mashaka yao. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilitangaza kwamba lemuri 103 kati ya spishi 107 wako katika hatari ya kutoweka, na 33 kati yao wako ukingoni. Lorisi wa polepole wa Asia huuzwa masokoni kama wa kufugwa. Ni primati mwenye sumu: hulamba tezi iliyo kwenye mkono, karibu na kiwiko, ikachanganyika na mate, kisha akauma. Kwa hiyo wauzaji humkata meno kwa koleo bila ganzi, na wengi hufa kwa vidonda. Tangu mwaka 2007 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, na bado video za lorisi aliyeinua mikono akitekenywa zinasambaa simuni. Mnyama yule ameinua mikono ili afikie sumu yake. Anajihami. Wanafunzi wangu nimewaeleza hivyo, na kadhaa wamezifuta.

Kwa hapa kwetu ninachokidai ni kidogo na kinawezekana mwaka huu. Kila fomu ya doria na kila hesabu ya wanyama katika misitu ya pwani iwe na mistari mitatu ya komba badala ya mmoja. Kila mlinzi wa msitu awe na miito mitatu kwenye simu yake ya kulinganishia, na mafunzo yake yanachukua jioni moja tu. Shule zinazopakana na msitu zipewe nafasi ya kunasa sauti mara kwa mara katika sehemu zile zile, ili baada ya miaka kumi tuweze kusema kwa ushahidi mbilimbili za Rondo zimesikika wapi na zimenyamaza wapi. Sisi tumeanza upande wa Kazimzumbwi. Upande wa Pande natafuta mwalimu wa kuanza naye.